Mdudu Aliyeoshwa Mara Saba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwosha. Nilimwosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama maalimu alivyotufundisha madrasani kuhusu chombo kilicholambwa na mbwa. Nilimsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka vidole vikanikunjamana, nikamwanika juu ya kipande cha bati, na alipokauka nywele zikiwa zimemsimama ovyo, nikachukua mkasi wa dada yangu nikamnyoa, kila upande sawa na mwenzake. Nikamtazama, nikaona nimefanya wema.

Huyo ninayemsema hakuwa mdudu wa kweli. Alikuwa ndoano, ndogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho, iliyovishwa manyoya ya mnyama na kuzungushiwa uzi mwembamba ili samaki adhani ni mdudu. Nimemkumbuka juzi, paka wetu alipotoka mvuani akaja kulala juu ya karatasi zangu za kazi. Ile harufu ya manyoya yaliyolowa ilinirudisha mtaa wa Buyenzi, uani kwetu, nikiwa nimechuchumaa mbele ya beseni na moyo unanienda mbio. Nilikuwa mtoto wa kuogopa. Nilikuwa narudia kufunga mlango, narudia kutawadha, nafuta herufi daftarini mpaka karatasi inatoboka. Hofu hiyo ninayo hadi leo, ila tumezoeana.

Baba alikuwa fundi wa magari. Miaka ile ya vita watu wengi waliondoka Bujumbura kwa haraka, na baadhi yao walimwachia Baba magari yao. Gereji yetu ilijaa magari yasiyo na wenyewe. Mipaka ilipofungwa na spea zikawa hazifiki, gereji nyingine zilianza kuyala magari ya namna hiyo: leo taa, kesho redieta, mwisho linabaki bodi la kuku kutagia. Baba hakugusa hata skrubu. Kila Alhamisi aliyawasha yote, moja baada ya jingine, akayaacha yangurume kidogo, kisha akayazima. Mimi nilikuwa nayafuta vumbi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliipenda kwa sababu vumbi halina ubishi; ama lipo, ama halipo.

Jirani yetu fundi Sudi alikuwa akija kuegemea mlango na kumchokoza.

"Fundi Rama, unachunga makaburi. Uyu wa Peugeot asharudi kwao Ugiriki, anakula zeituni. Nipe alternata, nitakuombea dua."

"Dua niombee bure, Sudi. Alternata iko ya mwenyewe."

"Na mwenyewe akikufa?"

"Basi iko ya watoto wake."

Sudi alicheka akaenda zake, lakini nilijua, kama watoto wanavyojua bila kuambiwa, kwamba mtaa mzima ulikuwa unamtazama Baba. Wapo waliomwona mjinga. Wapo waliokuja usiku usiku na funguo zao kwa sababu hiyo hiyo. Neno lake lilikuwa moja: amana. Kitu cha mtu kinarudi kama kilivyokuja.

Peugeot ile ilikuwa ya Musiu Kosta, Mgiriki mzee aliyezaliwa hapo hapo Bujumbura na aliyezungumza Kiswahili cha Buyenzi kuliko sisi. Chini ya kiti cha dereva, mahali ambapo mkono wangu tu ungeweza kupita, nilikuta kikopo cha bati cha peremende. Ndani yake kulikuwa na kipande cha koki, ule mti mwepesi wa vizibo vya chupa, na juu ya koki walikuwa wamechomekwa wadudu, safu kwa safu. Wengine walikuwa na mabawa ya unyoya wa kuku, wengine na mikia, wengine na miili iliyozungushiwa waya wa dhahabu. Sikuwahi kuona kitu kilichofanywa vizuri namna ile. Nilikipeleka kwa Baba mbio, nikidhani ni uchawi.

"Uchawi gani?" Baba aliinua kichwa kutoka kwenye injini. "Ni vya kuvulia. Kule juu milimani kuko mito ya maji ya baridi, Wabelgiji walitia samaki wa kwao mule, wanaita turuiti. Musiu alinipeleka siku moja, gari ilikuwa inamusumbua. Kakaa ndani ya maji kutoka asubuyi. Mi nililala." Akafuta mikono. "Rudisha pale ulipokitoa. Amana."

Nilirudisha. Lakini nilikuwa nimeshaona kitu ambacho hakikuniacha nilale. Kwenye safu ya mwisho alikuwapo mdudu mmoja asiyefanana na wenzake. Hakuwa na mabawa. Mwili wake ulikuwa wa manyoya ya kijivu yaliyosokotwa bila mpango, na mabegani alikuwa na kishungi kilichotawanyika kila upande, kama kitu paka alichokikohoa. Nilidhani ninaelewa: Musiu alikuwa katikati ya kumtengeneza huyu, vita vikamkuta, akaondoka kabla hajamaliza. Niliona huruma. Nilimwazia mzee wa watu huko mbali, hapati usingizi kwa sababu ya mdudu mmoja aliyebaki nusu. Mimi nisingepata.

Halafu kulikuwa na jambo la manyoya. Yalikuwa ya mnyama gani? Ikiwa ni mbwa je? Ikiwa ni nguruwe? Nilikuwa nimeshamshika. Nilikuwa nimeshasali baada ya kumshika.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye beseni, na udongo, na mkasi.

Nilimrudisha kwenye koki akiwa msafi na amenyooka, nikakaa siku kadhaa kwa furaha iliyotulia. Kisha ikaja habari. Msafiri mmoja alipita gerejini na salamu: Musiu Kosta anakuja baada ya Idi kuchukua gari lake. Baba alifurahi mpaka akaimba. Wakati wa kula alimweleza dada yangu Zena habari za ile safari ya milimani, na mimi nilikuwa natafuna bila wasiwasi, hadi aliposema:

"Wale wadudu wake wazuri wote, samaki hawakuwataka. Wanakuja, wanaangalia, wanaenda. Mwisho akatoa kamoja kachafu, kamekaa vibaya. Paap! Paap! Nikamuuliza, Musiu, kwa nini kale? Akasema, Rama, hawa wazuri ni wa kuonyesha watu. Kale kachafu ndiko ka kazi. Alikuwa nako kamoja tu. Alikapenda kuliko gari."

Chakula kilinikwama. Zena akanipiga mgongoni akidhani ni mwiba.

Sikumwambia Baba. Nataka kulisema hili wazi, kwa kuwa nimeshakutana na watu wanaosema utoto ni wakati wa ukweli. Mimi niliogopa. Sikuogopa fimbo, Baba hakuwa mtu wa fimbo. Niliogopa kwamba kati ya magari yote yale, wakati wote ule, kitu pekee kitakachorudi kimeharibika kitakuwa kimeharibiwa na mtoto wake, na Sudi ataegemea mlango acheke. Niliamua kutengeneza mwingine kabla Musiu hajaja, na awe vile vile.

Hakukuwa na wa kunifundisha, kwa hiyo nilimfanya maiti awe mwalimu. Nilimfungua yule niliyemnyoa, taratibu, uzi kwa uzi, nikitazama kipi kilikuja juu ya kipi. Kwanza uzi umeishika ndoano. Halafu nywele chache za mkia. Halafu manyoya yamesokotwa kwenye uzi wenyewe, kama utambi, na utambi huo umezungushwa kuwa mwili. Mwisho kile kishungi cha mabegani, kimebanwa kwa mizunguko michache na fundo. Nilibaki na ndoano tupu. Angalau chuma kilikuwa cha mwenyewe.

Manyoya niliyapata kwa Mama Hawa, jirani aliyefuga sungura. Alikuwa amechinja mmoja, ngozi akaitupa uani, nikaiomba. Nikaiosha mara saba.

Nilijaribia kwenye ndoano nyingine, za kawaida, nisije nikaiharibu ile. Wa kwanza alifumuka. Wa pili alikuwa mnene kama dudu la mahindi. Nilifunga na kufungua, nikafunga na kufungua, mpaka nikampata mmoja mzuri kweli, kila unywele mahali pake. Nilimtia kwenye pipa la maji pale uani. Alizama kama msumari. Nikatengeneza mwingine, mzuri kuliko yule. Akazama. Nikayaosha manyoya upya, nikidhani uchafu ndio unaowavuta chini.

Zena alinikuta hapo, nimeinamia pipa, nalia bila sauti. Alikuwa msusi, wanawake wa mtaa walikuwa wakikaa miguuni pake tangu asubuhi, na vidole vyake vilijua nywele kuliko macho ya mtu mwingine yeyote. Nilimweleza yote. Alisikiliza, akachukua kifungu cha manyoya, akakisugua kati ya vidole.

"Umeyafanya nini haya? Yamekauka kama katani."

"Nimeosha."

"Mara ngapi?"

Nilimwonyesha vidole saba.

"Yoo, Shehe wa maji! Kasungura kamechinjwa na bismillahi, unaosha nini?" Akanigonga kichwani kwa chanuo. "Sikia. Mutu akija kwangu ameosha nywele leo leo na sabuni, sishiki. Zinateleza, hazina mafuta, hazisimami. Namwambia rudi kesho kutwa. Unywele unabeba mafuta yake wenyewe. We umemutoa mafuta, sasa unataka aelee na nini? Na imani?"

Alinikatia manyoya mengine kutoka kwenye kipande cha ngozi ambacho sikuwa nimekigusa. Yalikuwa na harufu ya sungura. Mikono iliniwasha kwa hamu ya kuyapeleka kwenye beseni. Nilisokota mwili. Nilipofika kwenye kishungi nilitaka kukikata kiwe sawa, Zena akauchukua mkasi wake akaukalia. Kisha akachovya ncha ya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando na kukipaka kile kishungi tu, kidogo sana, mwili akauacha.

Tulimweka majini. Mwili ulizama, kishungi kikabaki juu. Alining'inia hapo kwenye ngozi ya maji, nusu ndani, nusu nje.

"Anatisha," Zena alisema. "Ni mubaya sana. Nadhani umeweza."

Nyuma yetu Baba akauliza, "Umeweza nini?"

Sijui alikuwa amesimama hapo muda gani. Zena aliondoka na chanuo lake, na safari hii nilisema yote, nikianzia kwa mbwa na nguruwe. Baba alimtoa mdudu kwenye pipa, akamshika dhidi ya mwanga kama anavyoshika plagi.

"Ndoano ni yake?"

"Ndiyo."

"Na manyoya?"

"Ya Mama Hawa. Ya sungura wake."

Nilisubiri aseme nimemuaibisha. Badala yake aliuliza swali la kazi.

"Umefanya essai?"

Gerejini kwetu hakuna gari lililorudishwa kwa mwenyewe kabla fundi hajaliendesha. Hata kama umebadilisha balbu tu, lazima ulizungushe barabarani ulisikilize. Kutoa kazi bila essai, Baba alisema, ni kumpa mtu matumaini badala ya gari.

Ijumaa alasiri, mvua ilipokatika, tulikwenda ziwani. Fimbo yetu ilikuwa ya mwanzi, na ncha yake ilikuwa antena ya Datsun moja iliyokufa zamani, ambayo haikuwa amana ya mtu. Tulipita kwenye kizuizi cha askari, na hapo ndipo antena ilipotuletea maneno.

"Ibi ni ibiki?" Askari alikuwa kijana, kofia imemzidi kichwa. Aliuliza kwa Kirundi hivi ni vitu gani, akaendelea kwa Kiswahili: "Iyo antena ni ya nini? Unaongea na nani?"

"Na samaki, chef," Baba alijibu. Kila askari kwetu aliitwa chef, yaani mkubwa.

Askari hakucheka. Niliona kidole chake kwenye bunduki, nikaona pia kwamba kamba ya kiatu kimoja ilikuwa imefunguka, na nilitamani kumwambia aifunge. Alitaka kuona chambo. Baba akanigusa bega, nikafungua kiganja.

"Ni mududu?"

"Ndiyo, chef."

"Mbona ako hivi? Amekufa?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nilikuwa nimemtazama kwenye pipa muda mrefu, labda ndiyo sababu.

"Anazaliwa."

Askari aliinama akamtazama tena, karibu zaidi, kama mtu anayeangalia kitoto cha jirani. Halafu meno yake yakaonekana. "Anazaliwa na nywele! Haya piteni. Mukipata, munipitishie kamoja." Akaongeza, "Na musikawie. Saa ya kufunga njia munaijua." Baba akaahidi yote mawili.

Tulifika mahali ambapo maji ya mto yanaingia ziwani na kutengeneza mstari, upande mmoja rangi ya chai ya maziwa, upande mwingine kijani. Ziwa lilikuwa limetulia. Kutoka milimani, juu ya mtaa wa Gihosha, ilisikika milio michache ya mizinga, mizito, na wanawake waliokuwa wanafua waligeuka kutazama, wakarudi kwenye nguo zao. Baba naye aligeuka, akarudi. Kisha tukawaona wadudu.

Walikuwa wanatoka majini. Nilipiga magoti kuwatazama. Kila mmoja alipanda kutoka chini, akafika juu na kukwama hapo, ngozi inampasuka mgongoni, mabawa bado yamekunjamana, anajivuta. Walioshamaliza waliruka mara moja, wazuri, wamenyooka, na samaki hawakuwapata. Samaki waliwachukua waliokuwa katikati. Nilielewa hapo, magoti yamelowa, kwamba Musiu hakuwa amekatishwa na vita. Yule mdudu alikuwa amemalizika. Kazi yake ilikuwa kuwa nusu.

Nilimtupa mara nyingi, vibaya. Antena ilipiga kelele hewani na Baba akasogea mbali na kichwa changu. Halafu mdudu alitua karibu na ule mstari, kishungi chake kikabaki juu, na maji yakafanya duara dogo mahali alipokuwa. Hakukuwa na kishindo. Alikuwapo, kisha hayupo.

"Vuta!" Baba alipiga kelele. "Vuta, mutoto wangu, vuta!"

Nilivuta. Ikawa hai. Niliogopa sana uzi usikatike, ndoano ya mwenyewe isipotee ziwani, mpaka nikaanza kurudi nyuma badala ya kuvuta, narudi, narudi, hadi nikakanyaga nguo zilizoanikwa kwenye majani, na mama mmoja akasema, "We! Hiyo ni kanzu ya msikitini!" Samaki akaja mchangani akirukaruka, wa rangi ya fedha, mkia mwekundu, urefu wa kiganja cha Baba.

Nilipomtoa mdudu mdomoni mwake, alikuwa ameharibika kidogo. Manyoya yalikuwa yamevutwa, kishungi kimegawanyika. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kuyalaza. Baba alinishika mkono. Hakuukaza, aliushika tu, mkono wake una harufu ya dizeli hata siku ya Ijumaa.

"Acha," alisema. "Amepita essai. Sasa ukimugusa, unamurudisha gereji."

Askari tulimkuta zamu yake haijaisha. Tulimpa samaki, kwa kuwa alikuwa mmoja tu na ahadi ilikuwa imetolewa. Alimshika mkia akamwangalia, akaonekana mtoto kuliko mimi.

Musiu Kosta alikuja kweli, amekonda, suruali imefungwa na mkanda uliotobolewa upya. Baba alimpa funguo, gari likawaka mara moja, na mzee akaegemea kapo, yaani boneti, akafumba macho kusikiliza. Sudi alikuwa mlangoni. Safari hii hakuegemea. Kisha Baba akanisukuma mbele na kile kikopo mkononi.

"Huyu ana neno na wewe."

Nilikuwa nimelipanga neno hilo kwa wiki nzima, lote likapotea. Nilifungua kikopo nikaonyesha kwa kidole. Musiu alivaa miwani, akamwinua mdudu, akampuliza kidogo ili manyoya yasimame.

"Huyu si wangu."

"Wako nilimwosha," nilisema. "Mara saba. Nilidhani ni mbwa."

Alinitazama, halafu akamtazama Baba, halafu akacheka mpaka akalazimika kukaa. "Mbwa! Sungura, mutoto wangu. Sungura wa pori wa kwetu Ugiriki." Akajifuta macho. "Na huyu?"

"Sungura wa Mama Hawa."

"Amekamata?"

"Mmoja," Baba alisema. "Nilikuwapo."

Musiu alimchomeka yule mdudu kwenye koki, si kwenye safu ya mwisho alikokuwa mwenzake, bali ya kwanza. Akafunga kikopo, na nilipodhani atakitia mfukoni, akanirudishia.

"Barabara ya kule juu haipitiki," alisema. "Wadudu hawa mi nitawapeleka wapi? Nichungie, mpaka ipitike."

Aliondoka na Peugeot yake, na hatukumwona tena. Barabara ilikuja kupitika baada ya miaka, Baba akiwa bado na nguvu, na mimi nilikwenda. Turuiti sikuwapata; wenyeji waliniambia waliisha wakati wa vita, au hawakuwahi kuwa wengi. Maji yalikuwa baridi kama Baba alivyosema. Kikopo nilirudi nacho. Kila mwaka, baada ya Idi, namtoa yule mdudu, nampuliza manyoya yasimame, namrudisha.

Leo mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, na bado nafungua mlango kuhakikisha nimeufunga. Lakini nikimaliza mchoro, naupeleka kwa mwenye nyumba siku ile ile, kabla sijaanza kuufuta, na mkasi namwachia Zena.